Namna ya kupanga ratiba ya kusomea LSAT ukiwa Dar na una kazi, foleni na vikao vya harusi

Watu wanne wameniuliza kuhusu LSAT, ule mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya sheria vya Marekani, ndani ya mwezi mmoja, na wote wameanza na swali moja, "nisome kitabu gani cha LSAT?" Mimi kabla ya kitabu namuuliza kila mmoja, kwa wiki una masaa mangapi ambayo ni ya kwako kabisa, hayana bosi wala foleni wala mtoto wa dada anayetaka kusaidiwa hesabu za shule? Hapo wanakaa kimya. Basi naandika hapa mara moja kwa wote, maana mtihani huu hauna cha kukariri, ugumu wake ni kwamba unataka ubadilishe namna unavyosoma sentensi, na hiyo ni kazi ya miezi, na miezi bila ratiba inapita tu hivihivi unashtukia tarehe ya mtihani ni wiki ijayo na wewe bado uko sura ya tatu.

Kwanza hakikisha huo mtihani ndo wako. LSAT ni kwa anayetaka kusoma JD, ile digrii ya sheria ya miaka 3 ya Marekani, na vyuo vingi vya sheria vya Kanada navyo vinaitaka. Kama tayari una LLB yako, digrii ya kwanza ya sheria, ya Mlimani au Mzumbe na unachotaka ni LLM, yaani masters ya sheria, ya mwaka mmoja nje, kwa kawaida LSAT haikuhusu, wao watakuuliza transkripti, barua za walimu na labda mtihani wa Kiingereza. Baadhi ya vyuo vya Marekani siku hizi vinakubali GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu, badala ya LSAT, angalia chuo kimojakimoja. Na kwa hapa nyumbani, pale Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) hawakuulizi LSAT. Kama mdogo wako amemaliza form six anataka kwenda kusoma sheria Uingereza, yake ni LNAT, ina maswali 42 ya kuchagua kwa dakika 95 halafu insha moja ya dakika 40, na kwa msimu mmoja wa maombi anaifanya mara moja tu. Mengi nitakayosema hapa yatamfaa na yeye ila mimi naongelea LSAT.

Sasa mtihani wenyewe. Una sehemu 4, kila moja dakika 35. Kati ya zile zinazohesabiwa, mbili ni za hoja, zinaitwa Logical Reasoning, na moja ni ya kusoma kwa ufahamu, Reading Comprehension. Ya nne ni ya majaribio, haihesabiwi, ila hutajua ni ipi maana inafanana na zingine, kwa hiyo zote unazipiga kwa nguvu ileile. Baada ya sehemu ya pili kuna mapumziko ya dakika 10. Alama zinaanzia 120 mpaka 180, na jibu la kosa halikati alama, kwa hiyo swali lolote usiliache tupu hata kama zimebaki sekunde 5, bonyeza kitu chochote usonge.

Kitu kimoja kitakuokolea wiki nzima: tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki yameondolewa kabisa. Vitabu vya zamani, hasa vile vya mtumba au PDF watu wanazotumiana, bado vina sura ndefu za mafumbo hayo. Ruka. Usijisikie vibaya kuacha theluthi ya kitabu, haipo tena kwenye mtihani.

Hesabu masaa kabla hujaandika ratiba

Ratiba yangu ya kwanza niliiandika kama watu wengi wanavyoiandika, usiku nikiwa na hamasa, kalamu tatu za rangi tofauti, masaa manne kila siku kuanzia saa kumi alfajiri. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi nililala ofisini mchana mbele ya watu, jioni nikakuta nimebaki nyuma masaa kumi na mbili kwenye karatasi, na nikaacha kabisa kwa mwezi mzima kwa sababu kila nikiiangalia ile karatasi naona deni. Nilichokosea ni kwamba niliiga ratiba ya mwanafunzi wa Marekani aliyeko likizo, anayeamka anasoma anaenda jimu anarudi anasoma. Mimi nilikuwa nafanya kazi Posta, nalala Tabata.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki moja nzima usisome kitu, andika tu masaa yako yanakwenda wapi, kwa ukweli. Umeamka saa ngapi, umetoka nyumbani saa ngapi, kituoni umesubiri dakika ngapi, umefika saa ngapi, jioni umerudi saa ngapi, simu umeshika mpaka saa ngapi. Jumapili jioni kaa uiangalie. Utagundua vitu viwili. Cha kwanza, muda wa kwenye daladala umesimama umebanwa sio muda wa kusoma, usiuhesabu, ukipata siti unaweza kupitia daftari ila hiyo iwe zawadi sio mpango. Cha pili, kuna vipande vya muda ulikuwa huvioni. Kwangu kilikuwa kile cha jioni, nilikuwa natoka ofisini saa kumi na moja na nusu naingia kwenye foleni nafika nyumbani saa mbili kasoro. Nikibaki ofisini mpaka saa kumi na mbili na nusu nafika nyumbani karibu muda uleule, kwa sababu foleni inakuwa imepungua. Lile lisaa lilikuwa linaliwa na barabara bure.

Baada ya kuhesabu, yangu ilikaa hivi: Jumatatu mpaka Alhamisi lisaa limoja alfajiri, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili, hayo manne. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi lisaa la jioni ofisini, hayo matatu. Jumamosi saa moja asubuhi mpaka saa nne, matatu. Jumapili jioni mawili. Jumla 12. Ijumaa hakuna kitu, kabisa, hata kama nina hamu. Masaa 12 yanaonekana kidogo ukilinganisha na watu wanaojisifu mtandaoni, lakini kwa wiki 20 ni masaa 240, na ukitoa wiki mbili za dharura, maana msiba na malaria haziombi ruhusa, bado una 216. Mtu aliyesoma masaa 216 kweli kweli amesoma.

Kama una masaa 8 tu kwa wiki, sawa, ongeza miezi. Kama huna kazi kwa sasa na una masaa 25, punguza miezi lakini usishuke chini ya mitatu, kichwa kinahitaji siku za kulala katikati ya masomo ili kitu kizame. Kwa mtu wa kazi mimi nasema miezi mitano, na kama Kiingereza cha kusoma vitu virefu kinakupa shida weka sita.

Anza na tarehe, rudi nyuma

LSAT inafanyika mara kadhaa kwa mwaka, na usajili unafungwa wiki kadhaa kabla, kwa hiyo ukiamua Mei kwamba unataka kufanya Juni umeshachelewa. Chukua tarehe ya mwisho ya maombi ya vyuo unavyovitaka, rudi nyuma ili kama mtihani wa kwanza ukienda vibaya uwe na nafasi ya kurudia mara moja kabla ya maombi kufungwa. Hiyo nafasi ya kurudia ni muhimu sana kwenye akili, ukijua kuna ya pili unafanya ya kwanza umetulia. Ila usiitumie ovyo, LSAC, wale wenye mtihani, wanakuruhusu mara 7 tu maisha yote, na mara 5 ndani ya kipindi ambacho matokeo yanahesabika, na kila mara ni zaidi ya dola 200, piga kwa shilingi uone.

Halafu weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya Dar, sio kalenda tupu. Ramadhani inaangukia wapi? Kama unafunga, hamisha kusoma kuwe baada ya daku na swala ya alfajiri, kichwa kiko safi na tumbo liko sawa, jioni usijidanganye. Masika ya Machi mpaka Mei, kama unakaa huko ambako mvua ikinyesha Jangwani inafunga barabara, basi ile ya kusema "nitasoma maktaba ya mjini kila jioni" isiwe nguzo ya ratiba. Disemba watu wanaenda mikoani, andika tangu mwanzo kwamba wiki ya Krismasi haina masomo, ni bora uipange kuliko ikuibie. Januari na Februari joto, usiku bila feni hausomi, asubuhi ndo yako. Na vikao vya harusi, jamani, ukiwa mweka hazina wa kamati miezi hiyo ratiba imekufa, toa mchango wako, omba radhi kwa upole, waambie una mtihani, watu wanaelewa zaidi ya tunavyofikiri. Mama yangu mkubwa alinuna wiki mbili halafu yeye mwenyewe akawa ananitetea kwa wengine.

Kitu kingine cha kufanya wiki ya kwanza kabisa ni pasipoti. Jina kwenye akaunti yako ya LSAC lifanane na la kwenye pasipoti, na sisi wa majina matatu ndo hapo tunapochanganya, la baba linakaa katikati huku, la babu linarukwa kule. Sahihisha mapema. Na angalia unafanyia wapi, LSAC walitangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 watu wengi watafanyia kituoni badala ya nyumbani kwenye laptopu, kwa hiyo kabla hujalipa hakikisha kituo chako kiko wapi, kama ni cha kusafiri basi nauli na siku mbili za safari ziingie kwenye ratiba kama somo lingine.

Wiki zenyewe zinaendaje

Siku ya kwanza fanya mtihani mmoja mzima bila kusoma chochote, kwa saa, umejifungia. LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC, ina mitihani michache ya bure, tumia mmoja wa hiyo. Mimi nilipata 144 na nililia kidogo, nasema kweli, lakini ile namba haimaanishi chochote kuhusu wewe, inakuambia tu umbali. Usimwonyeshe mtu.

Wiki 6 mpaka 7 za kwanza soma bila saa. Hapa wengi hawaniamini. Wanaona mtihani ni wa haraka basi wanafanya haraka tangu siku ya kwanza, na wanajifunza kukosea kwa kasi. Maswali 25 kwa dakika 35 ni kama dakika 1 na sekunde 24 kwa swali, utafika huko, lakini mwanzoni swali moja likuchukulie dakika 10 kama linataka. Unachofanya ni kuichambua hoja: hitimisho ni lipi, sababu zake ni zipi, na katikati pameachwa shimo gani.

Nitoe mfano wa huku kwetu. "Tangu mama ntilie wa pale kona aanze kupika wali wa nazi wateja wake wameongezeka, kwa hiyo wali wa nazi ndo uliowaleta." Hitimisho ni kwamba wali ndo sababu. Shimo ni kwamba kuja baada ya kitu sio kuletwa na hicho kitu, labda mwezi huohuo limeanza jengo jirani na mafundi arobaini wanakula hapo. Swali likikuambia dhoofisha hoja, unatafuta wale mafundi. Likikuambia imarisha, unatafuta kitu kinachofunga hiyo njia, mfano genge la pembeni lililo karibu na jengo hilohilo halijaongeza mteja hata mmoja. Likiuliza hoja imetegemea dhana gani, unatafuta kitu ambacho ukikikataa hoja inaanguka. Hoja ni moja ila kazi ni tatu tofauti, na wiki hizi sita ni za kuzoea kila aina peke yake, siku mbili dhana, siku mbili kasoro, siku mbili imarisha na dhoofisha, usichanganye mpaka uwe umeonja zote.

Halafu kuna lile la masharti. "Kila aliye ndani ya basi hili la mwendokasi ana tiketi. Juma ana tiketi. Kwa hiyo Juma yumo ndani ya basi." Hapana, Juma anaweza kuwa bado yuko kwenye mstari pale Kimara na tiketi yake mkononi. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba asiye na tiketi hayumo. Inaonekana rahisi hapa kwa sababu unaiona picha, lakini ikija kwa Kiingereza imezungushwa na 'unless' na 'only if' kuhusu madini na wanahistoria wa sanaa inakupiga chenga. Na kwa sisi tunaofikiri Kiswahili kuna mtego wa ziada: mtu akikuambia "baadhi ya wageni wamekuja" wewe unaelewa kuna ambao hawajaja. Kwenye LSAT 'some' ni angalau mmoja na inawezekana wote, na 'most' ni zaidi ya nusu na inawezekana wote pia. Karibu theluthi ya makosa yangu ya miezi miwili ya kwanza yalikuwa hapo tu, kwenye kijineno cha kiasi, na nisingejua kama sikuwa na daftari.

Daftari

Hapa ndo nataka unisikilize zaidi ya pote. Kwenye kila lisaa ulilopanga, nusu ni kufanya maswali, nusu ni kupitia. Sio robo, nusu, na baadaye itakuwa zaidi ya nusu. Mtu anayefanya maswali 100 kwa siku akaangalia majibu, akasema "aah kumbe C", akaendelea, huyo anajipima tu kila siku, kusoma hajaanza.

Kupitia kwenyewe ni hivi. Ukimaliza kundi la maswali usiangalie majibu. Rudi kwenye yale uliyowekea alama ya wasiwasi, yafanye tena bila saa mpaka uridhike, andika jibu la pili pembeni. Ndo ufungue majibu. Sasa una taarifa mbili: kama la kwanza lilikuwa kosa na la pili ni sahihi, unaelewa ila kasi inakusumbua. Kama yote mawili ni kosa, huelewi, na hapo mazoezi ya saa hayatakusaidia, rudi kwenye somo. Dawa zake ni tofauti kabisa na watu wengi wanajipa dawa ya kasi wakati ugonjwa ni uelewa.

Halafu kila kosa linaingia kwenye daftari, daftari la mkono, kaunta buku ya kawaida, kwa vitu vinne: nilichagua nini na kwa nini kilinivutia, kwa nini ni kosa, kwa nini lile sahihi ni sahihi, na nikikutana na ndugu yake nitafanya nini. Na uandike kwa Kiswahili. Hili nililigundua kwa bahati, siku moja nimechoka nikaandika kwa Kiswahili tu, nikashindwa kueleza. Kwa Kiingereza nilikuwa najaza maneno ya kwenye maelezo ya kitabu bila kuyamiliki, kwa Kiswahili ikabidi nielewe kwanza ndo niseme. Mfano wa ukurasa wangu mmoja: "Nilichagua B kwa sababu ina maneno mengi ya kwenye hoja. Kosa, B inaongelea watu wote, hoja inaongelea walioulizwa tu. Sahihi ni E, inasema walioulizwa wanafanana na wengine. Nikiona utafiti niulize kwanza, hawa walioulizwa ni akina nani?" Ukurasa kama huo unakuchukua dakika sita na unakulipa mara ishirini.

Kila Jumapili, kabla ya kuanza wiki mpya, soma daftari la wiki iliyopita uhesabu: makosa mangapi ya dhana, mangapi ya kiasi, mangapi ya kutosoma swali vizuri. Kile kinachoongoza ndo kinakuwa somo la asubuhi nne zinazofuata. Ndo maana sikupi ratiba ya siku 140 iliyojazwa tayari, haiwezekani, ratiba ya wiki ya tisa inaandikwa na makosa ya wiki ya nane.

Wiki za kati, kuanzia ya 7 au 8 mpaka ya 12, unaleta saa taratibu, sehemu moja kamili ya dakika 35 kwa asubuhi moja, asubuhi inayofuata unaipitia. Na kusoma kwa ufahamu kuanze kuchukua angalau siku mbili za wiki. Kule kuna vifungu 4, kimojawapo ni viwili vifupi vya kulinganisha, kwa hiyo ni kama dakika 8 na sekunde 45 kwa kila kifungu pamoja na maswali yake, na mada zinazunguka kwenye sheria, sayansi, jamii na sanaa. Kosa letu ni kusoma kila neno kwa uzito sawa kama tunajiandaa kukariri. Soma kwa kuuliza mwandishi anataka nini na anapingana na nani, kila aya ikiisha sema moyoni kwa sentensi moja imefanya kazi gani. Nje ya ratiba, dakika 20 kila siku soma Kiingereza kigumu kidogo kisichokuvutia, makala ya sayansi au hukumu za Mahakama ya Rufani, zipo bure mtandaoni kwenye TanzLII, na hukumu ni hoja tupu, unatafuta hitimisho na sababu hivyohivyo.

Wiki 7 au 8 za mwisho ni mtihani mzima kila Jumamosi. Ni masaa 2 na nusu ukiweka na mapumziko. Ufanyie kwenye laptopu maana wa kweli uko kwenye kioo, simu isikuzoeshe vibaya. Mitihani mingi ya zamani ipo LawHub kwa kulipia mwaka, namba zake zinaanzia 101 mpaka 158 na imepangwa kwa muundo mpya, lakini usiimalize yote kwa pupa, mmoja kwa wiki unatosha kwa sababu kuupitia kunakula Jumapili yote na asubuhi mbili. Alama zitapanda na kushuka. Mimi nilikaa kwenye 152 na 153 wiki nne nzima nikaona nimegota, halafu ya tano ikaruka 158. Angalia wastani wa mitihani mitatu ya mwisho, mmoja peke yake hausemi kitu.

Mambo ya umeme na nyumba

Umeme utakatika, bando litaisha katikati ya sehemu ya pili. Panga kabla. Laptopu inachajiwa usiku kila siku kama simu, bando la Jumamosi unanunua Ijumaa, na uwe na kazi ya giza, yaani kazi ambayo haihitaji umeme wala mtandao. Kwangu ilikuwa daftari. Umeme ukienda sikai kulalamika, nafungua daftari nafunika majibu kwa mkono nafanya upya, kwa tochi au barazani.

Kama nyumbani ni pa watu wengi tafuta sehemu. Maktaba Kuu pale Bibi Titi ni tulivu kwa Jumamosi asubuhi. Kanisa, madrasa, ofisi ya rafiki, gari limeegeshwa, popote. Na waambie wa nyumbani masaa yako kwa majina, sio "nasoma nasoma" ya jumla. Niliweka karatasi mlangoni, Jumamosi saa moja mpaka saa nne, nikamwambia bibi, "Bibi shikamoo, leo mpaka saa nne nina mtihani." Akawa ndo mlinzi, mtoto akipiga kelele anamtoa nje yeye.

Ukikosa siku, usilipe. Hili naliweka kama sheria. Jumanne umekosa kwa sababu bosi kakushika, Jumatano unafanya ya Jumatano, hurudishi ya jana. Zile wiki mbili za dharura tulizotoa mwanzoni ndo zinameza hayo. Kulipa deni ndo kulikoua ratiba yangu ya kwanza. Ila ukikosa zaidi ya nusu ya masaa kwa wiki tatu mfululizo, hapo sio bahati mbaya, ratiba haifanani na maisha yako, kaa uiandike upya au ahirisha tarehe ya mtihani kabla muda wa kubadilisha haujapita.

Siku za mwisho

Wiki ya mwisho mtihani mzima wa mwisho uwe siku tano au sita kabla, baada ya hapo daftari tu na sehemu mojamoja. Siku ya kuamkia usisome. Lala.

Na saa. Muda wa miadi utaonyeshwa kwa saa za Kizungu, na ukiwa umetoka kuzisoma harakaharaka ni rahisi 8:00 ikawa saa nane kichwani kwako wakati ni saa mbili. Hakikisha pia umeandikwa kwa majira ya wapi, sisi tuko masaa 8 mbele ya New York wakati wao wako kwenye majira ya baridi, na 7 wakiwa kwenye majira ya joto. Andika kwenye karatasi kwa Kiswahili, "saa mbili asubuhi, Jumamosi," bandika ukutani, mwambie na mtu mmoja wa nyumbani. Kama mtihani wako umeangukia jioni, wiki mbili za mwisho hamisha mazoezi yako ya Jumamosi yawe jioni, kichwa kizoee.

Mwisho kuna insha, Argumentative Writing, watu wanaisahau. Haipewi alama lakini vyuo wanaisoma, na kama huna insha yoyote kwenye faili lako matokeo hayatatoka. Inafunguliwa siku 8 kabla ya mtihani na unaifanya peke yake siku nyingine, dakika 15 za kujipanga na 35 za kuandika. Mimi niliiweka Jumapili ya wiki iliyofuata baada ya mtihani, asubuhi, kabla majirani hawajawasha muziki, na kabla ya hapo nilikuwa nimeandika tatu za mazoezi kwa mkono kwenye ileile kaunta buku, kurasa za nyuma.